Wimbo wa Kupukuchua Mahindi

Asubuhi ya mahafali Roda alikuwa uani kwao Tunduma, anasugua tarumbeta ya shule kwa majivu na limau. Alitaka ing'ae. Mama yake alikuwa Kitwe, Zambia, anauza vitenge, na Roda alikuwa bado ana tumaini kwamba leo angetokea.

"Bibi, mama hajasema chochote?"

Bibi Tulinagwe hakuinua macho kwenye ungo wa mahindi. "Maliza mtihani wako kwanza," akasema. "Ukiisha tutaongea."

Nyumbani kila mtu alisema hivyo hivyo. Simu ya mama iliharibika mwezi wa saba, ndivyo alivyoeleza mjomba Ferdinand aliporudi kutoka Kitwe, na tangu hapo salamu zilikuwa zinapitia kwake. Salamu zenyewe zilikuwa moja tu: asome kwa bidii.

Roda hakuwa mtu wa kuongea. Akiulizwa swali darasani alijibu huku anaangalia dawati. Lakini akishika tarumbeta alikuwa mtu mwingine, na alitaka mama amsikie, hata mara moja, kabla hajamaliza shule.

Mwalimu Nathanaeli alikuwa ametunga muziki mrefu wa bendi, akauita Tulikotoka. Ulianza na ngoma peke yake, ukaenda kwenye vita na wakoloni, ukapanda mpaka uhuru, matarumbeta yote yanalia kwa pamoja. Katikati aliweka vipande vya nyimbo za makabila. Kuna cha Wagogo, kuna cha Wasukuma, kuna cha Wamakonde. Cha huku kwetu hakikuwepo, akawaambia wanafunzi walete wimbo wa nyumbani.

Roda akakumbuka ule ambao bibi alikuwa anauimba siku hizi akipukuchua mahindi, mdomo ameufumba, bila maneno. Alipomuuliza ni wimbo gani, bibi alisema ni wa mahindi tu, aende akasome. Basi akajibanza nyuma ya mlango, akaurekodi kwa simu. Mwalimu aliupenda sana. Akauongezea kasi kidogo ili watu wachangamke, akauweka kwenye kipande cha uhuru. Roda ndiye angeupiga peke yake.

Uwanjani wazazi walijaa chini ya maturubai. Mbele kulikuwa na kina mama wa ngoma kutoka Ndalambo, wote na vitenge vya sare, wamealikwa kucheza. Bibi alikaa nyuma kabisa. Kando yake Roda alikuwa ameweka sweta juu ya kiti kitupu, cha mama.

"Kiti cha mheshimiwa hicho?" Enoka, mpiga ngoma kubwa, akamtania. "Akivuka mpaka pale Nakonde mwambie asisahau soda zetu."

Roda akatabasamu, akaenda kuchukua tarumbeta yake.

Kipande cha uhuru kilipofika akasimama, akapiga. Alianza vizuri. Kisha akamwona Bibi Atuganile, kiongozi wa wale wa Ndalambo, anavua kilemba. Akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya, miguu ameinyoosha mbele. Wa pili akashuka. Halafu wote. Watoto wa kidato cha kwanza wakaangua kicheko, na mgeni rasmi akageuka kuangalia kuna nini. Kule nyuma bibi alijifunika khanga mpaka usoni, akainuka, akaondoka.

Roda akakosea. Tarumbeta ikatoa sauti kama ya mbuzi, kicheko kikaongezeka. Aliendelea tu kwa sababu mwalimu alikuwa bado anapunga mikono. Uso ulikuwa unamwaka. Wimbo wa watu kauiba, kauharibu mbele ya wenyewe, wamechukia mpaka wamekaa chini, na bibi ameona aibu hata kuonekana naye. Ndipo kwa mara ya kwanza siku hiyo akashukuru kwamba mama hakuja.

Walipomaliza akakimbilia nyuma ya jiko la shule. Hakutaka mtu amwone. Lakini wale kina mama wakamfuata, wanakuja polepole.

"Shikamoo bibi," Roda akasema, macho chini. "Naomba mnisamehe."

"Marahaba. Tukusamehe kwa lipi?" Bibi Atuganile akamshika mikono yote miwili. Yake ilikuwa bado na vumbi. "Sisi ndio tumekosa, mjukuu wangu. Tumekuja tumepambwa kama watu wa harusi, hatuna habari kama mna msiba. Ule wimbo mzazi anamwimbia mtoto wake aliyezikwa ugenini. Ukiusikia unakaa chini, hata kama uko njiani. Mbona Tulinagwe hakutuita? Na binti mwenyewe alikuwa naye mmoja tu."

Roda akaitoa mikono yake taratibu. Akachukua simu mfukoni, akaandika, "Mama, uko wapi?" Akatuma.

Ikatokea tiki moja, ya pili haikuja. Kina mama wakasimama naye pale nyuma ya jiko, na yeye akaendelea kuiangalia.