Kuta Nne za Falkenrode

Eberwin alichomeka kisu kwenye kikapu cha mkunga, akakizungusha katikati ya vitambaa. Hakuna kilicholia.

"Nasikia watoto wa bandia huingizwa kwa vikapu," alisema. "Funua na hicho chungu."

Gerlind, mkunga, akafunua. Maji matupu. Alikuwa mwanamke mpana, aproni yake sawa na shuka ya kitanda, na ngazi za ngome zilikuwa zimemtoa jasho.

"Wewe mlangoni utapita, au tubomoe ukuta?" aliuliza Eberwin.

"Njaa ya mwaka jana ilinisahau, bwana wangu," alijibu Gerlind, akaingia ubavuubavu.

Mashahidi wanne wakacheka. Eberwin mwenyewe ndiye aliyewachagua. Mwanamume haingii chumba cha uzazi. Husimama nje akatega sikio. Kaka yake Ortwin alifia vitani, akamwacha mjane, Irmgard, na habari ya mimba. Sheria ilisema: mtoto akilia, kuta nne za chumba zikamsikia, ngome ni yake na mama yake habanduki. Asipolia, ngome ni ya Eberwin, na Irmgard ataamkia kwa watawa, apende asipende. Farasi wa kumpeleka alikwisha kutandikwa.

"Kwa nini mkunga hana msaidizi?" aliuliza mzee Dankwart, shahidi mmojawapo.

"Nimekataza. Wanawake wawili na mzazi, hiyo tayari ni njama."

Kelele zikaanza. Kelele za kupasua mawe.

"Kumbe shemeji ana sauti," alisema Eberwin. "Miaka yote hii mezani alikuwa akinong'ona."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jua likapanda, likaliacha dirisha. Kisha kelele zikakatika ghafla.

Kimya.

Dankwart alifanya ishara ya msalaba. Eberwin alihesabu pumzi zake, akaanza kuvaa glavu, kidole baada ya kidole. "Basi," alisema taratibu. "Mungu ameamua."

Mtoto akalia. Alilia kama anayedai kodi.

"Nimesikia," alisema Dankwart. Wenzake wakainamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine: wamesikia.

Mlango ukafunguka upenyo. Mkono wenye damu ukatokeza kichanga: dume, bluu kwa hasira. Dankwart akamtazama, akatabasamu. "Pua ya ukoo wenu hiyo, Eberwin. Huwezi kuikana."

Eberwin aliitazama ile pua. Hakuikana. Alishuka ngazi bila kuaga, na farasi akamchukua yeye.

Ndani, Irmgard alitia komeo. Alifungua mto wa manyoya aliokuwa ameufunga tumboni, akautupa motoni, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Pole, Gerlind," alisema, akimlaza mtoto kifuani pa mama yake. "Mnyonyeshe bila hofu. Sisi mabibi wa ngome hatunyonyeshi, hakuna atakayeuliza."