Kamba ya Mwisho

Sanda ilikuwa imefungwa kote, ila usoni. Badi, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshika kamba ya mwisho, lakini Bi Mwanakheri hakuuondoa mkono wake kwenye shavu la mumewe.

"Safari ya ndege ni saa kumi na nne," alisema. "Hamdani alisema anapanda usiku. Hesabu mwenyewe, shemeji. Saa hizi mwanangu ameshatua."

"Ni usiku wa huko, shemeji. Hapa kulikuwa kumeshakucha. Bado yuko angani." Badi aliwatazama wanaume waliosimama mlangoni na jeneza. "Alasiri imeshaadhiniwa. Msikitini wanatusubiri."

Ndege ikanguruma juu ya bati. Wanaume wote wakainua macho.

Bi Mwanakheri alimwinamia mumewe sikioni.

"Baba Hamdani," alisema, "vumilia kidogo."

Badi akaiachia kamba.