Pumzi za Birtukan

Barakoa ilipomgusa tu pua, punda Birtukan alianza kuhema kama aliyebeba mji mzima wa Harar mgongoni.

"Mapafu kwisha," alisema Dokta Tilahun, akiitazama mashine ya kupimia pumzi. "Ijumaa anatolewa nje ya ukuta wa mji. Fisi nao wana watoto."

Hawi, aliyehitimu udaktari wa mifugo hapo chuoni juzi tu na bado anawaamkia punda kwa majina, alipandwa na hasira. "Mapafu yake hayana neno, Dokta! Bila barakoa anapumua kama mtoto aliyelala. Mrija ni mwembamba, anavuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe. Tunampima huku tunamkaba!"

"Basi tengeneza yako."

Akatengeneza kweli: nyepesi, yenye mrija mpana na kingo za sponji.

Alhamisi asubuhi Aw Nasru, mzee mtunza zizi, aliipokea kwa heshima. Akaipangusa kwa kitambaa chake chekundu, ndani na nje, kama alivyoipangusa ile ya zamani kila siku. Chuoni hapakuwa na mikono mipole kama yake. Alimsogelea Birtukan taratibu, akimnong'oneza, akamvisha.

Birtukan akahema mara mbili ya jana. Na juu ya hayo, akajamba.

"Na hilo limo kwenye utafiti wako?" aliuliza Dokta.

Hawi alikwenda kulia nyuma ya marobota ya nyasi. Aw Nasru akamfuata na kikombe cha kahawa.

"Nyamaza, binti yangu. Leo jioni njoo uwaone wageni wangu, roho itulie."

"Wageni gani hao, Aw Nasru, unaowakimbilia kila siku kabla jua halijazama?"

"Walaji tu. Lakini wana adabu kuliko Dokta."

"Hata huyo punda ana adabu kuliko Dokta."

Mzee alicheka hadi akakohoa.

Jioni walitoka pamoja kwenye lango la mji, Aw Nasru akiwa na kapu kwapani. Aliketi juu ya jiwe, akafunua kapu lililojaa nyama, akaita jina moja kwa sauti ya kubembeleza.

Fisi jike akatokea vichakani, mkubwa kama ndama. Akampandia mzee mabegani kwa miguu ya mbele, akala nyama iliyoning'inia kwenye kijiti alichokiuma mzee kwa meno.

Hawi aliganda.

"Usiogope," alisema Aw Nasru, akikitoa kijiti mdomoni. "Kosa lake ni moja tu, hajui kula bila kujichafua."

Akachomoa kitambaa chekundu mfukoni, akampangusa fisi mdomo kwa upole, ndani na nje.

Hawi alikipokonya kitambaa kile kinachonuka fisi mbele ya meno ya mnyama, akatimua nacho mbio hadi nyumbani kwa Dokta.