Mstari Unaong'aa

Risasi tatu zilitoboa mlango wa dereva wa ambulensi, zote katikati ya mstari wa stika unaong'aa, zikamkosa dereva, Kihongosi, na kumuua nesi aliyeketi kando yake.

"Nibandulie huu, mama, uniwekee mweusi," Kihongosi alimwambia Mwanaidi, fundi wa stika. "Wananilenga kwa mwanga wangu mwenyewe."

"Magari yenye mstari mweusi ni ya askari. Watu watakupiga mawe."

"Mawe yana afadhali."

Mwanaidi aliubandua, kisha akasita mbele ya roli mbili za stika, nyeusi na inayong'aa. "Mwanangu alilala mtaroni, tumbo limepasuliwa kwa panga. Niliona gari moja tu likimeremeta, nikalikimbilia. Lilikuwa lako."

"Nakumbuka. Hakufika hospitali."

"Hakufika. Lakini hakufia mtaroni."

Ng'ambo ya soko bunduki zililia tena, na yowe refu likakatika ghafla. Kihongosi aliisukuma roli nyeusi kwa mguu.

"Haya, weka inayong'aa. Fanya upesi."

Mwanaidi aliibandika, akaikandamiza kwa kitambaa, akamulika tochi. Mstari wote uliwaka, isipokuwa pale stika ilipobonyea kwenye vishimo vitatu vya risasi. Kihongosi alipanda, akaketi nyuma ya vishimo hivyo, akawasha king'ora.