Mzee Hapendi Simu

Mshauri aliizunguka nyumba yenye geti la kijani kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akajiambia bado ni mapema. Yeye na wenye nyumba waliahidiana saa nne kamili. Zilikuwa zimebaki dakika kumi, na miguu ilikataa kusimama mahali pamoja. Begani alining'iniza mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na mashine ndogo ya kupimia pumzi, inayoonyesha kama mtu amevuta sigara.

Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu watu wanaotaka kuacha sigara, kila mmoja mara moja kwa wiki, mwaka mzima. Alianza na watu arobaini. Wiki ya kwanza wote walikuwa mashujaa. Kufika mwezi wa tatu, wengine walipokea simu huku wanavuta, wengine hawakupokea kabisa. Sasa mwaka umetimia, na kwenye daftari lake amebaki mtu mmoja tu: mzee wa nyumba hii, ambaye hata sauti yake mshauri hajawahi kuisikia.

"Mbio za sakafuni," mkuu wa kitengo alimwambia jana. "Watu arobaini, amebaki mmoja, na huyo mmoja ni kwa maneno ya mkewe. Niletee pumzi yake. Ikisoma chini ya sita, huduma inaendelea. La sivyo, Ijumaa nazifunga hizi simu zako."

Mashine yenyewe haijui habari za mwaka, inajua za jana na leo. Lakini mkuu alitaka namba, na mkubwa akitaka namba hapewi hadithi. Mshauri akaitikia na kuondoka, roho juu.

Tatizo lilikuwa huyo mke. Fomu ya huduma ina nafasi mbili, ya mvutaji na ya msaidizi wake wa nyumbani, na yeyote kati yao anaweza kupokea simu. Kila Jumanne alipokea mama. "Mzee hapendi simu, mwanangu. Niulize mimi." Na majibu alikuwa nayo. Mzee jana alitetereka baada ya chai. Mzee mikono haijui pa kwenda. Mzee ameota anavuta, akaamka na aibu kama mwizi. Mshauri akapendekeza karafuu mdomoni, akapendekeza na kazi ya mikono, na wiki iliyofuata mama akasema zimesaidia, mpe nyingine.

Mwezi wa tano mama alipiga mwenyewe, mchana, siku isiyo yao. Alizungumza kwa kunong'ona. "Mzee ameishika. Hajaiwasha. Nimwambie nini?" Walikaa kwenye simu dakika arobaini, mpaka sigara ile ikaishia kwenye ndoo ya maji.

Mke gani anayajua hivyo yaliyomo kifuani mwa mumewe? Mshauri alijiuliza sana, na jibu alilopata halikumpendeza: mke mtungaji. Amewaona wengi. Mzee anajivutia zake nyuma ya nyumba, mama anamsitiri kwenye simu, na mashine leo itawaumbua wote watatu. Alitamani kugeuza arudi zake. Badala yake akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiyo wewe? Kwenye simu nilidhani u mnene."

Sebuleni kila kiti kilivikwa kitambaa cha kufuma. Meza imevikwa, redio imevikwa, jagi la maji limevikwa. Binti wa mama, mtu mzima, alikuwa akikunja nguo kwenye kochi.

"Usishangae, dada," alisema. "Mama mwaka huu hapumziki. Tukilala vibaya atatufumia na sisi."

"Nenda dukani kaniletee sabuni," mama alimwambia.

"Sabuni ipo, mama."

"Kalete nyingine."

Binti alitoka akicheka. Mama akaufunga mlango kwa komeo. Mshauri alinusa hewa kwa siri. Hakukuwa na harufu ya moshi, ila ya karafuu tu, na karafuu huficha mengi. Ukutani, mzee mwenye miwani alimtazama kutoka kwenye picha, amependeza, hana wasiwasi hata kidogo.

"Mzee yuko wapi, mama? Nimpime tu, sitamchelewesha."

Mshauri akaitoa mashine mkobani. Mama akaitazama. "Hiyo inafanyaje kazi?"

"Unavuta pumzi, unaibana, unahesabu mpaka kumi na tano, halafu unapuliza polepole."

Mama akanyoosha mkono. Mshauri hakushangaa, maana hakuna nyumba aliyowahi kwenda asikute mtu anayetaka kuijaribu kwanza. Akachomeka mrija mpya, akampa. Afadhali acheze nayo kidogo kuliko waanze kwa ugomvi.

Mama alikaa wima. Akavuta pumzi, akafumba macho, akahesabu kwa vidole, kisha akapuliza mpaka mashine ikalia.

"Imesema ngapi?"

"Mbili."

"Ni nzuri hiyo?"

"Nzuri sana, mama, hongera," mshauri alisema, jicho likiwa kwenye mlango wa chumbani. "Sasa nakuomba uniitie mzee. Bila yeye sina cha kupeleka ofisini, na Ijumaa tumefungwa."

Mama alimrudishia mashine taratibu, kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mzee tulimzika, huu mwaka wa sita, na sigara hakuwahi kuitia mdomoni. Andika mbili."