Jogoo wa Mzee Oketch

Shoka lilikuwa tayari begani mwa Achola pale Mzee Oketch aliposimama mbele ya msafara na kuinua mkono kama askari wa trafiki.

"Hapana," alisema. "Msichana hafungui boma."

Msafara wenyewe ulikuwa mdogo. Opondo, mdogo wake Oketch, alikuwa anahamia boma jipya juu kidogo ya Luanda Kotieno, na alitaka kuhama kama baba yao alivyohama: mwenye boma mbele na jogoo, mtoto wa kwanza na shoka, mama na moto. Moto mkewe, Benta, alikuwa nao, kwenye jiko la makaa. Tabu ilikuwa kwa mtoto wa kwanza. Opondo na Benta walijaliwa mabinti watupu, halafu Mungu akafunga duka.

"Mtoto wa kwanza ni mimi, Baba Mkubwa," alisema Achola. Alikuwa fundi wa mashua pale ufuoni, na shoka lilikuwa lake. Kibanda walimokuwa wanakwenda kulala alikijenga kwa miti aliyoikata mwenyewe. "Sasa nani alibebe?"

Oketch alimnyooshea kidole mwanawe, Griffin, aliyekuwa ameegemea gari na viatu vyake vyeupe vya Kisumu. "Huyo hapo. Mwanamume. Wewe kesho utaolewa, na boma la ndugu yangu libaki na nani?"

Achola alihisi machozi yanamjia, na hilo likamkasirisha zaidi. Katika ukoo wao, aliyebeba shoka ndiye aliyesikizwa baadaye yakija maneno ya shamba. Akimwachia Griffin leo, siku moja angepiga hodi kwa baba yake kama mgeni.

Opondo alitazama chini. Alimpenda binti yake kuliko alivyojua kusema, lakini kaka ni kaka, na jogoo mwenyewe alikuwa ameletwa na huyo kaka.

Na jogoo alikuwa wa kujivunia. Oketch alimnunua kule Mamboleo baada ya kumsikia akiwika juu ya kelele zote za stendi. Alikuwa na upanga mwekundu kichwani na macho ya dharau.

"Mbona mkia mfupi hivyo?" Griffin aliuliza.

"Bado kijana," alijibu Oketch. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Anayewika ni dume, basi. Hayo mambo Mungu ameyaweka wazi, ni nyinyi watoto wa simu mnayachanganya." Akamgeukia Benta. "Na mitetea umewaacha boma la zamani?"

"Wote, shemeji. Si ulisema?"

"Vizuri. Hapa leo sitaki kuona mtetea hata mmoja. Panaingia dume kwanza."

Benta, aliyefuga kuku tangu utotoni, alimpokea jogoo mkononi ili Opondo avae koti. Akamtazama miguu. Akamtazama mkia. Kisha akamrudisha taratibu.

"Mzee," alimwambia Oketch, "tusigombane barabarani. Acha jogoo aamue. Achola abebe shoka leo. Jogoo asipowika alfajiri, tunarudi nyumbani, na Griffin atalibeba siku nyingine."

"Mama!" Achola alishtuka.

"Nyamaza, nyathina, mwanangu. Wewe beba tu."

Oketch alicheka mpaka kofia ikamcheza kichwani. "Dume gani litawikia boma lililofunguliwa na msichana? Haya, nimekubali. Na akiwika, mimi Oketch sitafungua mdomo tena juu ya shoka hilo."

Basi wakaingia. Opondo na jogoo wake, Achola na shoka lake, Benta na moto wake. Jogoo akafunikwa na tenga kwenye kona ya kibanda, juu ya nyasi kavu, na akaanza kujizungusha humo ndani akizipanga nyasi kwa mdomo, kama mtu anayetandika kitanda asichokiamini. Oketch alikwenda kulala kwenye gari, nje ya lango.

Alfajiri, kabla ziwa halijaanza kung'aa, Achola alikuwa ameketi macho makavu, shoka mapajani. Kimya. Wavuvi walishaanza kuitana kule chini ufuoni, na kwenye tenga hakukuwa na hata mkwaruzo. Opondo alikuwa anaomba chinichini, na hakujua hasa anaomba upande gani.

Ndipo jogoo akawika.

Aliwika kwa sauti iliyopasuka kidogo, akameza mate, akawika tena mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Achola alimkumbatia baba yake akalia waziwazi, bila kujali nani anamwona.

Oketch alitoka kwenye gari na kiatu kimoja. Alisikiliza, akakuna kichwa, na kwa kuwa alikuwa mkaidi lakini si mwongo, alitoa simu palepale akautumia ukoo mzima ujumbe wa sauti. "Boma la Opondo limesimama. Shoka limebebwa na Achola, na dume limemkubali. Mimi ni nani nimpinge? Kazi ya kuwika ni ya mwanamume, na mwanamume amesema."

Baadaye alikaribishwa chai kibandani. Benta alimwandalia mkate na yai la kukaanga, moja tu, yeye peke yake. Oketch alilimaliza kwa heshima zote, akafuta sahani kwa mkate.

"Tamu sana hili. La kienyeji kabisa." Kisha akakunja uso. "Lakini shemeji, si nilikukataza kuleta mitetea hapa?"

"Na sikuleta, Mzee," alisema Benta, akimwongezea chai. "Nimelitoa chini ya jogoo wako."