Kiapo cha Ngedere

Zamani wanyama walikuwa na chuo kikuu, kabla hawajapata akili wakakifunga. Ngedere alikuwa akisomea kompyuta. Alikwisha kufeli mara mbili. Akifeli ya tatu, anarudi kwao kuiba mahindi.

Mwalimu wao, Bi Kobe, alisoma pole pole lakini hakuruka mstari. Sharti lake lilikuwa moja: kila programu ianze na kiapo cha mwenye kazi.

Ngedere akaona, tabu ya nini? Akanakili programu ya mwenzake Nungunungu juu hadi chini, akaipeleka mbio.

Bi Kobe akasoma kwa sauti: "Mimi, Nungunungu, naapa kazi hii nimeifanya mwenyewe." Akainua shingo. "Ngedere, hii kazi ya nani?"

Jasho likamtoka. "Mwalimu, mimi ndiye Nungunungu."

"Na miiba?"

"Nimenyoa. Joto, mwalimu."

"Na mkia huo?"

"Wa kuazima. Nina harusi jioni."

Nungunungu mwenyewe, kiti cha mbele, alicheka mpaka miiba ikamdondoka. Bi Kobe hakucheka.

"Vema, Nungunungu. Kazi nzuri, tisini." Ngedere akatanua kifua. Bi Kobe akafungua daftari la maksi. "Sasa Ngedere. Kazi yake iko wapi? Nungunungu, umemwona Ngedere?"

Ngedere akajibu: "Leo hakuja, mwalimu."

"Ukimwona mwambie amepata sifuri. Afungashe."

Akafungasha. Mpaka leo yumo kwenye mahindi ya watu, na ule mkia wa kuazima hajaurudisha.